NI MANJANO TU? MTOTO ANAHARIBIKA UBONGO, WAKUBWA WANAKATA UTEPE

Ndugu msomaji, kuna neno moja lenye herufi mbili ambalo limeharibu watoto wengi katika nchi hii. Neno lenyewe ni "tu". Mtoto wa siku tatu macho yamekuwa ya njano, mama anauliza, anajibiwa: "Hayo ni manjano tu, yataisha." Siku ya nne mtoto hanyonyi, analala mchana kutwa. "Amechoka tu." Siku ya sita mtoto amejipinda mgongo kama upinde, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Hapo hakuna tena anayesema tu. Hapo wanasema amerogwa.

Wiki hii sizungumzii tume ya uchaguzi wala bei ya sukari. Nazungumzia njano. Najua wewe kijana wa kijiweni umeshaanza kugeuza ukurasa kutafuta habari za Simba na Yanga. Subiri kidogo. Unadhani hii ni habari ya akina mama na manesi. Nitakuonyesha kwamba ni habari yako wewe mwanamume, na ni habari ya siasa kuliko maandamano yoyote uliyowahi kuyashangilia.

Mimi si daktari. Nimemaliza kidato cha nne, na biolojia niliisoma ubaoni bila maabara. Lakini haya nitakayokueleza hayahitaji digrii. Yanahitaji mtu asiyekubali kudanganywa.

NJANO HII INATOKA WAPI?

Mtoto akiwa tumboni ana chembe nyekundu nyingi za damu. Akishazaliwa, nyingi kati ya hizo hazihitajiki tena, zinavunjwa. Zikivunjwa zinatoa taka yenye rangi ya njano inayoitwa bilirubini. Kazi ya kuisafisha taka hiyo ni ya ini. Sasa ini la mtoto mchanga ni kama konda aliyeanza kazi leo: abiria ni wengi, yeye bado hajajua kupanga. Taka inazidi kasi ya usafi, ngozi na macho vinageuka njano.

Kati ya watoto kumi waliozaliwa wametimiza miezi, karibu sita huonekana njano katika wiki ya kwanza. Kwa njiti ni karibu wanane kati ya kumi. Wengi wao hupona wenyewe bila dawa yoyote. Hapo ndipo lile neno "tu" lilipozaliwa. Kwa kuwa wengi wanapona, tumeamua wote watapona. Ni sawa na dereva anayesema kwa kuwa safari tisa amefika salama, ya kumi haina haja ya breki.

Kwa wachache, ile taka haishuki. Inapanda, inapanda, mpaka inavuka damu na kuingia kwenye ubongo. Inakwenda kukaa ndani kabisa, kwenye viini vinavyosimamia mwendo wa mwili, na kwenye njia ya kusikia. Madaktari wanaita kernikterasi, jina lililotolewa na daktari wa Kijerumani aitwaye Christian Schmorl mwanzoni mwa karne ya 20. Ikishafika huko na kuunguza, hakuna hospitali duniani, iwe Muhimbili, India au London, inayoweza kuurudisha ubongo ule ulivyokuwa.

Mtoto akiishi, unaweza kumkuta ana miaka minne shingo haijakaza. Mikono inajinyonga yenyewe pasipo yeye kutaka. Macho yanashindwa kutazama juu. Hasikii, au anasikia kelele asizozielewa. Wewe unapita unasema "mtindio wa ubongo", unatoa mia tano, unaondoka. Kitu ambacho hukuambiwa ni hiki: mara nyingi akili ya mtoto huyo ipo. Anaelewa. Amefungwa ndani ya mwili usiomtii, na kifungo chake ni cha maisha. Hakimu aliyemhukumu ni siku tatu za uzembe.

Usidhani nakutisha kwa jambo la mtu mmoja katika milioni. Wataalamu waliokokotoa hesabu ya dunia kwa mwaka 2010 walikadiria kwamba watoto 481,000 waliozaliwa wametimiza miezi au karibu kutimiza walipatwa na njano ya kiwango cha hatari kabisa. Kati yao 114,000 walikufa, na zaidi ya 63,000 walibaki na ubongo ulioharibika. Katika nchi tajiri ugonjwa huu umekuwa nadra kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kumwona mtoto mpya wa namna hiyo. Kwa hiyo usije ukaambiwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu wa Ulaya na wa Usukumani ni huyo huyo mmoja.

SAFARI YA LINGEKA

Sasa twende Lingeka, mkoani Simiyu. Nimechagua Lingeka kwa sababu wewe unayesoma gazeti hili pale Buguruni, Kariakoo au Buzuruga Mwanza, kuna uwezekano umetoka huko au kwenye kijiji kinachofanana na huko. Umekuja mjini kubeba mizigo, kuendesha bodaboda au kuuza viatu vya mtumba. Mke umemwacha kwa mama yako. Kazi yako ni kutuma hela kwa simu na kuuliza mvua imenyesha kiasi gani na pamba inaendeleaje.

Mkeo anajifungua. Tuseme ametii yote aliyoambiwa: amehudhuria kliniki, amejifungulia mikononi mwa mkunga, si kwa bibi. Anakaa siku moja. Kesho yake anaruhusiwa, kitanda kinatakiwa na mwingine. Anarudi nyumbani na mtoto mwenye afya.

Sikiliza vizuri hapa, maana ndipo penye mtego. Kwa mtoto aliyetimiza miezi, njano hufika kileleni kati ya siku ya tatu na ya tano. Mama ameruhusiwa siku ya kwanza. Maana yake hatari inapanda wakati mama na mtoto wako nyumbani, mbali na mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Wapo ndani, kwa sababu mila za makabila yetu mengi zinamtaka mzazi asitoke siku za mwanzo. Nyumba ina dirisha moja dogo, taa ni ya tochi. Ngozi ya mtoto wetu ni nyeusi. Nani ataiona njano gizani?

Akiiona bibi yake siku ya nne, zahanati inawaandikia rufaa. Kituo cha afya kinaandika rufaa. Hospitali ya wilaya ikishindwa, ni Bariadi kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikishindikana hapo ni Bugando, Mwanza: unateremka Lamadi, unashika barabara ya Musoma hadi Mwanza kupitia Magu. Kila kituo kinataka nauli, na kila uamuzi wa nauli unataka simu kwako wewe mjini. Na wewe unasemaje? "Subirini kwanza niuze mzigo." Bilirubini haisubiri mzigo uuzwe.

Mtoto anapoanza kukakamaa, wazee wanasema degedege, wanasema ndege mbaya amepita juu ya nyumba. Wanamwita mganga. Halafu wanatafuta aliyetuma. Hapa lazima niseme jambo zito. Kanda yetu ya Shinyanga na Simiyu imejulikana nchi nzima kwa mauaji ya vikongwe. Akina mama wazee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka 40 ndani ya moshi. Ndugu zangu, tumekuwa hodari wa kuona wekundu kwenye macho ya bibi, lakini njano kwenye macho ya mtoto hatuioni. Mchawi yuko damuni mwa mtoto, ana jina, anapimika kwa tone moja, na tiba yake ni mwanga.

"MWANIKE JUANI"

Umesema mwanga? Ndiyo. Na hapa ndipo ushauri unaotolewa kila kona ya nchi unapoingia: "Mwanike juani asubuhi." Utausikia kwa jirani, kwa mama mkwe, hata kwa baadhi ya waliovaa sare. Hebu tuuchambue, maana uongo hatari ni ule wenye chembe ya ukweli.

Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, kule Essex nchini Uingereza, muuguzi mmoja aitwaye Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa njiti nje wapate hewa na jua. Akaona mtoto mmoja ngozi imepoteza njano, isipokuwa sehemu iliyofunikwa na shuka. Akawaambia madaktari. Wenzake wakiongozwa na Dakta Cremer wakafuatilia, wakagundua mwanga unaibadilisha bilirubini iwe ya namna inayoweza kutoka mwilini. Wakatengeneza kitanda chenye taa za mwanga wa bluu, na mwaka 1958 wakaandika matokeo katika jarida la Lancet.

Soma tena mwaka huo: 1958. Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru, ulikuwa umebaki miaka mitatu. Taa hii ni kongwe kuliko bendera yetu. Haina siri ya nyuklia. Ni taa, waya, kitambaa cha kumfunika mtoto macho, na mtu anayejua kuitumia.

Sasa kwa nini jua la uani lisitoshe? Kwanza, mtoto aliyeanikwa robo saa amevalishwa kofia na blanketi hapati mwanga wa kutosha. Mtoto mwenye njano kali anahitaji kulala chini ya taa saa nyingi, mchana na usiku, ngozi wazi. Pili, ukimweka uchi juani kwa saa nyingi atababuka, atapoteza maji, au atapata baridi upepo ukivuma. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, jua linampa mzazi moyo wa kungoja. Leo tumeanika, kesho tutaanika. Kumbe damuni mambo yanapanda.

Wapo watakaosema Nigeria walitumia jua wakafanikiwa. Ni kweli, utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015. Lakini walitumia mahema yenye karatasi maalumu ya kuchuja miale mibaya, watoto wakiwa hospitalini, wakipimwa joto la mwili na bilirubini na watu wa afya. Hilo si jua la kwenye uzio wa minyaa.

Na njano ikishapanda sana, hata taa haitoshi. Inabidi mtoto abadilishwe damu, itolewe kidogo kidogo na kuwekwa nyingine. Hiyo ni kazi ya hospitali kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa damu.

TUMETII, NINYI MMEFANYA NINI?

Wakubwa watasema wananchi hawaendi hospitali. Hebu tutazame takwimu zao wenyewe za utafiti wa afya ya jamii. Mwaka 2015-16, akina mama 63 kati ya 100 walijifungulia kwenye vituo vya huduma. Mwaka 2022 walikuwa 81. Mwananchi ametii! Ametoka kijijini, amepanda bodaboda akiwa na uchungu, amefika. Haya, ametii, amepata nini?

Katika kipindi hicho hicho, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Hilo ni jambo jema na asiyelisema ni mwongo. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wa siku 28 za mwanzo, vilikuwa 25, vikawa 24. Rudia mwenyewe: ishirini na tano, ikawa ishirini na nne. Miaka saba, semina na warsha zisizohesabika, posho, mashangingi yamekimbia vumbi la nchi nzima, na kichanga ameongezewa nafasi moja katika elfu. Zaidi ya nusu ya watoto wetu wanaokufa kabla ya miaka mitano wanakufa hata mwezi hawajafikisha.

Nisije nikaambiwa nimepotosha: njano si muuaji wa kwanza wa vichanga. Wanaotangulia ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Lakini wote hao wanahitaji chumba kile kile: chumba cha vichanga chenye joto, oksijeni, taa, kipimo, na muuguzi asiyelinda wodi tatu peke yake. Palipo na chumba hicho, mtoto wa njano anapona. Pasipo nacho, wanakwenda wote. Tena mtoto aliyeharibika ubongo kwa njano akabaki hai hayumo katika ile 24. Hayumo popote. Takwimu zinamhesabu kuwa amepona.

Mwaka 2007 serikali ilitangaza mpango wa afya ya msingi, zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Mwaka 2012 Simiyu ikamegwa kutoka Shinyanga ikawa mkoa, makao makuu Bariadi. Majengo yamejengwa, sikatai, na aliyejenga apewe haki yake. Lakini jengo halimtibu mtoto. Nchi hii tuna ugonjwa wa kukata utepe. Mgeni rasmi anakuja na msafara, ngoma zinapigwa, utepe unakatwa, picha zinapigwa, pilau inaliwa. Wiki ijayo nenda kaulize: kipimo cha bilirubini kipo? Taa ipo? Ikiwepo, inawaka? Umeme ukikatika jenereta ina mafuta? Huko ndiko afya iliko, lakini huko hakuna utepe wa kukata.

Na usiambiwe hakuna teknolojia. Siku hizi kuna kifaa kinachogusishwa kwenye paji la uso wa mtoto kikasoma njano bila hata kumtoboa. Kuna vingine vya tone moja la damu ya kisigino. Tangu mwaka 2019 mpango uitwao NEST360, ambao hapa kwetu unashirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, umekuwa ukipeleka vifaa vya namna hiyo, taa zikiwemo, katika hospitali kadhaa za Tanzania, Kenya, Malawi na Nigeria. Kwa hiyo inawezekana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto apimwe njano kwa kifaa kabla ya kuruhusiwa kutoka kituoni, na aonwe tena kati ya saa ya 48 na ya 72. Swali ni moja: hiyo siku ya tatu, kule Lingeka, nani anagonga hodi?

KIKULACHO KI NGUONI MWAKO

Nilikuahidi kwamba hii ni habari ya wanaume. Sikiliza.

Kuna hitilafu ya kurithi inayoitwa upungufu wa G6PD. Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Hitilafu hii imeenea katika maeneo yenye malaria kwa sababu inampa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria, na Kanda ya Ziwa ni nyumbani kwa malaria. Inawapata zaidi watoto wa kiume. Mara nyingi mwenye nayo hajijui, anaishi miaka yote bila tatizo, hata wewe unayesoma unaweza kuwa nayo. Lakini mtoto mchanga mwenye hitilafu hiyo akikutana na vitu fulani, chembe zake za damu zinapasuka kwa wingi na njano inaruka juu ghafla.

Kimojawapo cha vitu hivyo ni vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali tunavyoweka sandukuni kuzuia wadudu wasile nguo. Umenunua nguo za mtoto mapema, umezihifadhi vizuri na vidonge vyake, mtoto anazaliwa unamvika zikinukia hivyo hivyo. Waswahili walisema kikulacho ki nguoni mwako, hawakujua kwamba siku moja maneno hayo yatakuwa somo la kliniki. Nguo na blanketi za mtoto zisiguswe kabisa na vidonge hivyo. Na dawa za majani au za dukani asipewe mtoto mchanga bila kuandikiwa.

La pili ni damu. Mama wa kundi O akizaa mtoto wa kundi A au B, damu zao zinaweza kugombana na njano ikaja mapema. Mama mwenye damu ya rhesus hasi akibeba mimba ya mtoto mwenye rhesus chanya, hatari inaongezeka kwa mimba zinazofuata. Ipo sindano ya kuzuia hilo, imekuwepo tangu mwaka 1968, hutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Rhesus ya mtoto haikutoka kwa mama peke yake, imetoka kwako pia. Sasa wewe kundi lako la damu unalijua? Unajua mchezaji gani kasajiliwa wapi kwa shilingi ngapi, damu yako huijui. Halafu mtoto akipata tatizo, ndugu zako wanamsimanga mkeo kwamba kaleta mkosi kwenye ukoo, nawe umekaa kimya. Aibu iliyoje!

La tatu ni maziwa ya mwanzo. Kuna wanaoyakamua na kuyamwaga wakisema ni machafu kwa sababu yana rangi ya njano. Maziwa hayo ndiyo yanayomsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha kwanza, na pamoja nacho bilirubini. Mtoto anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Ajabu ya dunia: maziwa ya njano yenye faida tunamwaga, mtoto wa njano mwenye hatari tunamwacha.

UKIPIGA SIMU, ULIZA HIVI

Kijana, simu unayo na hela ya nauli iko mfukoni mwako. Katika mambo haya wewe ndiye waziri wa afya wa nyumba yako. Kwa siku saba za mwanzo piga simu kila siku, uulize maswali haya:

Mmemtoa mtoto kwenye mwanga wa mchana mkamtazama? Kwa mtoto mweusi usitegemee ngozi. Tazama weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Bonyeza kidogo pua au paji la uso kwa kidole, achia, tazama rangi inayobaki.

Njano imeanza lini? Ikionekana kabla mtoto hajamaliza saa 24 tangu azaliwe, hiyo si ya kawaida hata kidogo. Hospitali siku hiyo hiyo.

Imefika viganjani au kwenye nyayo? Hospitali.

Ananyonya? Analala mno hata kumwamsha ni kazi? Amelegea? Ana homa, au mwili wa baridi? Analia sauti kali? Anajipinda mgongo na kurudisha kichwa nyuma? Ana degedege? Lolote kati ya hayo, kwa mtoto wa njano, ni saa siyo siku. Usiku huo huo.

Alizaliwa kabla ya wakati? Kuna kaka au dada yake aliyepata njano kali? Basi usingoje dalili, apimwe.

Usafiri ukikosekana, kuna namba ya bure 115 ya mpango wa m-mama, uliopanuliwa kwenda nchi nzima kuanzia mwaka 2022 kwa ajili ya dharura za wajawazito, waliojifungua na vichanga. Unaanza na zahanati, wanapiga, unatafutwa usafiri. Kodi yako imo humo. Idai.

Na ukisikia kwenye simu mtu anasema "ni manjano tu", mwambie: "Yamepimwa ni ngapi?" Asipokuwa na namba, hana jibu.

WAULIZENI

Uchaguzi wowote ukija, au diwani akiitisha mkutano, tuna tabia ya kuuliza kisima na barabara. Tuulize. Lakini safari hii ongeza maswali haya, awe wa chama tawala au wa upinzani, asipate pa kuchomokea. Katika kata yetu, mtoto anapimwa njano kabla ya kuruhusiwa? Taa ya karibu iko wapi, na inawaka? Siku ya tatu mzazi anatembelewa na nani, na yule mhudumu wa afya wa kijiji analipwa au anaishi kwa ahadi? Mama anapimwa kundi la damu kliniki, na majibu yanaandikwa kwenye kadi? Mwaka 2001 kule Abuja viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mwaka huu sisi tumetenga ngapi? Na watoto walioharibika ubongo kwa njano katika wilaya hii ni wangapi, nani anawahesabu, nani anawatibu viungo?

Akianza kukuhutubia juu ya mafanikio ya jumla, mrudishe kwenye taa. Akikuambia fedha hakuna, muulize gari alilokuja nalo linakunywa lita ngapi. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Haikusema haki hiyo inaanza ukishapata kadi ya kupigia kura.

Watoto hawa hawana chama, hawana gazeti, hawaandamani. Wana siku tano tu za kusikilizwa, na katika siku hizo hawajui kusema, wanageuka rangi. Ikiwa wewe na mimi hatutawasemea, wakubwa wataendelea kukata utepe.

Kwa hiyo leo jioni ukipiga simu nyumbani, usianze na mvua wala bei ya pamba. Uliza macho ya mtoto yana rangi gani.